Tramu ya Mezani na Mpini wa Baba

Tarehe 9, Jumatatu

Mvua imeanza leo mchana, na kibanda changu kimevuja palepale kilipovuja mwaka jana, juu ya feni ya mteja. Nimesogeza feni, nimeweka ndoo. Gundi, fundi viatu ninayepakana naye, ameniambia niache kutengeneza redio za watu nianze kutengeneza paa langu. Mtu mwenyewe paa lake kalishikiza kwa matofali.

Naandika kwa sababu kichwa kimejaa na nyumbani siku hizi kila neno linaishia kwenye ugomvi. Huu ni mwezi wa pili tangu Baba apate kiharusi. Baba, ambaye aliendesha tramu maisha yake yote ya kazi na kusalimia mtaa mzima kwa jina akiwa barabarani! Upande wake wa kulia umelala. Hasemi. Mama anamtoa kitandani asubuhi, anamweka kwenye kiti cha chumba cha mbele, naye anautazama ukuta mpaka jioni. Daktari alisema huenda haelewi tena tunachozungumza.

Kaka yangu hiyo "huenda" ameifuta kabisa. Tunamwita Mheshimiwa, maana hata akiomba chumvi anahutubia. Leo amepiga simu na Mama kaiweka sauti kubwa, Baba akiwa hapohapo kitini. "Mvua zikiisha na barabara ikipitika, nakuja kumchukua. Huku kuna chumba, kuna muuguzi. Tukubali ukweli jamani, Baba tuliyemjua alishaondoka."

Nimepiga kelele hadi jirani kafungua dirisha. Nimesema Baba haendi popote. Mama kaninyamazisha, simu ikakatika. Mtu anasemaje hivyo mbele ya baba yake?

Tarehe 12, Alhamisi

Nimelitoa boksi lililokuwa juu ya kabati la Mama. Ni zawadi ambayo madereva wenzake walimpa Baba alipostaafu: tramu ndogo ya njano na nyeupe, na reli zake. Hakuwahi kuifungua. Alisema ametosheka na tramu. Kile kisanduku cha kuendeshea kwa kuzungusha kitufe kilikuwa kimekufa, basi nikaunga waya za betri moja kwa moja kwenye reli, nikaigusisha.

Ikaenda. Na macho ya Baba yakaenda nayo!

Nimerudia. Kulia, macho kulia. Nikageuza waya, ikarudi, macho yakarudi. Nimemwita Mama kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Kaja mbio na mwiko mkononi, kaangalia, kasema hata paka anafuata kitu kinachotembea. Lakini kakaa. Kaangalia mara nyingi kuliko mimi.

Tangu hospitali Baba ana mpini wa shaba kwenye mkono wake wa kushoto, ule mzima. Ni mpini aliokuwa akiendeshea tramu, mfupi, mzito, umeng'aa kwa kushikwa. Tulimpa ili atulie na hajauachia. Leo aliukaza mpaka vidole vikawa vyeupe.

Tarehe 15, Jumapili

Siwezi kukaa siku nzima nikigusisha waya, nina kibanda. Kwa hiyo nitaitengenezea tramu kiendeshaji chake, iende na kurudi yenyewe.

Kazi si ngumu. Tramu inakwenda mbele ukiipa umeme hivi, inarudi nyuma ukibadilisha waya. Nahitaji rilei moja ya kubadilisha waya hizo, na swichi mbili ndogo za sumaku, moja kila mwisho wa reli. Chini ya tumbo la tramu nabandika kipande cha sumaku. Tramu ikifika mwisho, sumaku inaamsha swichi, umeme wa reli unakatika, kapasita, kile kikopo cha kuhifadhi umeme, inajaa polepole na ikijaa rilei inageuka, tramu inarudi. Hakuna mtu wa kushika chochote. Itakaa na Baba mchana kutwa.

Nimemweleza Mama haya yote kwa furaha. Kasema, "Kwa hiyo umemtafutia yaya wa bati."

Ana maneno huyu mama.

Tarehe 17, Jumanne

Nimefunga kapasita kinyume. Mimi! Fundi ninayewacheka wanafunzi wa ufundi! Imelipuka mezani kama bunduki, moshi chumba kizima, Mama kalala chini akidhani ni gesi. Nimegeuka kumwangalia Baba kwa hofu kwamba nimemuua. Alikuwa ananitazama. Mimi, si ukuta. Unyusi wake mmoja ulikuwa juu, vilevile ulivyokuwa ukipanda zamani nikimletea ripoti ya shule.

Sijamwambia mtu. Wataniambia nimeota.

Tarehe 18, Jumatano

Mvua. Kapasita mpya. Nimeifunga sawasawa, nikaikagua, nikaikagua tena.

Tarehe 21, Jumamosi

Imekubali! Nimelaza ule mlango wa zamani wa stoo juu ya meza mbili, kutoka dirishani hadi karibu na mlango wa kutokea, nikapigilia reli juu yake. Kiti cha Baba nimekiweka katikati, aone pande zote. Nikawasha. Tramu ikatoka dirishani, ikapita mbele yake, ikafika upande wa mlangoni, ikasimama. Rilei ikasema tak. Ikarudi. Nilitamani kucheza.

Ilipoanza kurudi Baba akanyanyua mpini akaupiga mezani. Pa!

Nimeruka. Mama katoka jikoni. Tramu ikafika dirishani, ikasimama, tak, ikaanza kuja, na Baba akapiga tena. Pa! Uso wake ulikuwa mwekundu, mishipa ya shingo imesimama. Ikienda katikati hana neno. Ikigeuka tu, kipigo. Nikaizima.

Sijui niandike nini. Nilimtengenezea kitu cha kumfurahisha, naye anakipiga kama anayeua nge.

Tarehe 22, Jumapili

Nimewasha tena, labda jana alishtuka tu. Pa. Pa. Pa. Mama kasema, "Inamuudhi, mwanangu. Iondoe."

Tarehe 24, Jumanne

Nimebadilisha rezista inayopunguza umeme wa kujaza kapasita, nikaongeza muda wa kusimama. Badala ya kutulia amezidi. Sasa anaanza kupiga kabla haijageuka. Tena anaunyoosha mpini kuelekea tramu, mwili wote umeinama, nusura aanguke. Gundi kasema pengine Baba anataka kuivunja kwa sababu inamkumbusha kazi. "Na mimi nikizeeka ukiniletea kiatu nitakurushia," kasema.

Tarehe 26, Alhamisi

Leo mpini umetua kwenye reli na kuzipinda. Mama kachoka, kamnyang'anya, kaufungia kwenye droo ya cherehani.

Baba amelia.

Sijawahi kumwona Baba akilia. Alipomzika mama yake hakulia. Leo machozi yametiririka mpaka kidevuni bila sauti, na mkono wake wa kushoto umebaki wazi juu ya paja, ukifunga na kufunguka. Mama kaingia chumbani akafunga mlango. Mimi nimesimama katikati ya chumba na bisibisi mkononi, sijui niende kwa nani.

Tarehe 30, Jumatatu

Tramu iko boksini. Mvua haijakoma siku nne. Baba anautazama ukuta.

Asubuhi Mama alikuwa akimwinua kutoka kitandani, nikasikia amepiga ukelele. Nimemkuta kapiga magoti, kashika kiuno, Baba kaegemea ukuta. Nikamwinua yeye kwanza, kisha Baba. Mama akaanza kulia hapohapo. "Mgongo wangu umekwisha, mwanangu. Wewe unaondoka asubuhi unarudi jioni, unapigia kelele simu, unasema haendi, haendi. Nani anambeba? Nikimwinua mara nyingine hivi nitabaki chini. Mwache kaka yako aje. Nimechoka jamani, nimechoka mpaka namwomba Mungu anitangulize mimi."

Ameyasema yote Baba akiwa kitini, hatua mbili tu kutoka kwake. Hata hatukushusha sauti. Tumezoea.

Nimeenda kazini nikiwa kama mtu aliyepigwa kofi. Miezi yote hii napigana na Mheshimiwa, kumbe anayeumia yuko jikoni kwangu.

Tarehe 4, Jumamosi

Ngoja niandike kwa mpango.

Barabara ya kibandani imejaa maji, kwa hiyo leo nimepanda tramu. Nimepitiwa na usingizi mpaka mwisho wa njia. Nimeshtuka watu wote wameshuka, mvua inagonga vioo, dereva ananiuliza, "Dada, unarudi nayo au umehama nyumbani?" Nikamwambia narudi nayo. Akacheka. Kisha akainuka kitini, akashika mpini wake, akauvuta, ukatoka. Akautia mfuko wa koti. Akapita katikati ya viti vitupu, akapita pale nilipokaa, akafika upande wa pili ambao sasa ndio mbele, akautoa mfukoni, akauchomeka. Ndipo tramu ikaondoka.

Nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Tramu haigeuki! Dereva ndiye anayehama. Na tramu haiondoki mpaka mpini ufike upande wa pili. Jambo hili nimeliona tangu naweza kusimama! Nilipokuwa mdogo Baba alikuwa ananiacha nitembee mbele yake katikati ya viti, ananiambia nimfungulie njia dereva. Mimi! Nikaenda kutengeneza tramu inayosema tak na kuondoka yenyewe, bila dereva, na kumlazimisha Baba aangalie siku nzima!

Hakuwa anaipiga. Alikuwa anaizuia.

Nimeshuka kituo kisicho changu, nimesimama kwenye mvua nikicheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu kicheko kikageuka. Kwa sababu kama alikuwa anaizuia, basi anaelewa. Na kama anaelewa, ni tangu lini?

Tarehe 5, Jumapili

Nimemuuliza Mama kuhusu mpini. Nilimsimulia ya jana naye akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mdomoni.

Kasema kwenye kazi ya Baba mpini hauachwi ndani ya tramu hata dakika moja. Dereva akihama upande, unakaa mfukoni. Akienda kunywa chai, mfukoni. Zamu ikiisha, anamkabidhi dereva anayeingia, mkono kwa mkono, hauwekwi mezani wala kitini. Ukishaukabidhi, tramu si yako tena, unakwenda nyumbani. "Ndiyo maana ule ulibaki kwake," kasema. "Wiki ile aliyostaafu njia yake ilifungwa. Alifika zamu ya mwisho, akasimama pale na mpini mkononi, hakuna aliyekuja kuupokea. Alirudi nao nyumbani. Alinuna mwezi mzima."

Kisha kainuka, kafungua droo ya cherehani, kampelekea Baba mpini wake. Baba akaufunika mkono wa Mama kwa mkono wake na hakuuachia kwa muda mrefu. Mama kaniangalia kwa macho ya mtu aliyeguswa na maiti.

Tarehe 7, Jumanne

Nimezinyoosha reli, nimeitoa kapasita. Tramu haitajigeuza tena. Ikifika mwisho, swichi ya sumaku inakata umeme kama zamani, na inangoja. Nimekata vipande viwili vya bomba, ndani ya kila kimoja nimeweka swichi ya kubonyeza. Mpini ukiingia kwenye bomba la upande ilipo tramu, rilei inageuka, tramu inaondoka. Ukiingia upande mwingine, hakuna kitu.

Gundi kauliza sasa hapo ni otomatiki gani, inayohitaji mtu. Nimemwambia akashone kiatu.

Tarehe 8, Jumatano

Nimeyafunga mabomba yote mawili mbele ya kiti cha Baba, moja kushoto moja kulia, asihangaike. Tramu ilikuwa upande wa mlangoni, imekaa kimya. Nimesimama nyuma ya Baba, Mama pembeni. Hatukumwambia kitu.

Kaangalia tramu. Kaangalia mabomba. Mkono umetoka pajani polepole, ukitikisika, ukapita bomba la kwanza, akauchomeka mpini kwenye lile la upande wa mlangoni.

Tak. Tramu ikaondoka.

Mama kapiga yowe. Tramu ikafika dirishani, ikasimama. Baba kavuta mpini, akangoja kidogo, ule muda wa mtu kupita katikati ya viti, akauchomeka bomba la pili. Ikarudi. Hakukosea hata mara moja. Hakupiga meza hata mara moja!

Halafu tumepata mshtuko mwingine. Baada ya kama saa hivi akaacha kuchomeka. Akanishika mkono, akaukokota hadi kwenye bomba, akalipigapiga, kisha akanyoosha kidole mwisho kabisa wa meza, dirishani. Sikuelewa. Akarudia kwa hasira, na unyusi umepanda. Mama ndiye aliyeelewa. "Anasema dereva hakai katikati," kasema. "Anataka kila bomba likae mwishoni, mahali pake."

Nikasema, "Baba, huko hufiki ukiwa umekaa."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga wake.

Tarehe 9, Alhamisi

Nimeyahamisha mabomba. Moja dirishani, moja mlangoni. Baba kakaa upande wa mlangoni, kachomeka, tramu imekwenda dirishani na kubaki huko. Kaitazama mchana kutwa. Mimi sikuisogeza. Nilitaka sana.

Tarehe 12, Jumapili

Tramu bado iko dirishani.

Tarehe 13, Jumatatu

Dada wa mazoezi, anayekuja kila wiki kumnyoosha Baba viungo, kafika akiwa na miavuli miwili na kikohozi. Miezi yote hii amekuwa akimbembeleza Baba asimame na Baba anajifanya gogo. Leo alipoingia hakuwahi hata kuvua viatu. Baba alimnyooshea mkono. Mwenyewe! Kautia mpini mfukoni mwa koti, kanyoosha mkono mtupu, anangoja kuvutwa.

Dada wa mazoezi kaniuliza, "Mmempa nini huyu?"

Amesimama. Amekaa. Amesimama tena. Hajapiga hatua, lakini amesimama akielekea dirishani.

Tarehe 15, Jumatano

Kusimama mara tano. Mvua inapungua. Siipendi inavyopungua.

Tarehe 19, Jumapili

Amefika!

Alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, mguu wa kulia akiuburuta, dada wa mazoezi nyuma yake bila kumgusa. Meza hiyo mimi naipita kwa hatua nne. Yeye alipumzika njiani mara nyingi, jasho linamdondoka. Alipobakiza kidogo nikashindwa kuvumilia. Nimechomoa mpini mfukoni mwake ili nimsaidie kuuchomeka.

"Bado!"

Mama alikuwa na kikombe, kikombe kikaanguka. Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake, ileile ya kuwaambia abiria wasishuke kabla tramu haijasimama. Miezi mitatu hajasema hata "aa", na neno lake la kwanza ni kunikemea!

Nimeurudisha mfukoni. Akamaliza hatua zake. Akautoa mwenyewe, akauchomeka. Tramu ikaondoka dirishani baada ya siku kumi.

Nimetoka nje nikasimama kwenye matope bila viatu. Gundi aliyekuwa anapita kauliza kuna msiba? Nimemkumbatia, kashtuka zaidi yangu.

Tarehe 20, Jumatatu

Nimempigia Mheshimiwa. Kaniambia, "Mdogo wangu, naelewa hisia zako." Nikamkatia.

Tarehe 26, Jumapili

Maneno yanatoka moja moja. "Maji." "Dirisha." Leo Gundi kaja kumsalimia, Baba kamtazama viatu akasema, "Vibovu." Tumecheka mpaka tumelia. Anakwenda na kurudi mara tatu kwa siku. Lakini asubuhi bado Mama anamwinua kitandani, anamwogesha, anamvisha, kwa sababu mimi ni mzito wa kuamka na Baba hataki binti yake amwogeshe. Nimeliona hilo. Nimejifanya sijaliona.

Jua limetoka siku nzima.

Tarehe 2, Jumamosi

Mheshimiwa kafika na gari, matairi yamejaa matope. Kaingia na hotuba tayari mdomoni. Nikamwambia akae kimya, atazame.

Baba alikuwa upande wa mlangoni. Kachomeka mpini, tramu imekwenda. Kachomoa, mfukoni, kashika meza, akaanza kutembea. Mheshimiwa alisimama na funguo za gari mkononi. Baba alipofika dirishani akageuza shingo, akamtazama mwanawe mkubwa, akasema, "Umenenepa."

Kaka yangu ameketi chini sakafuni. Mtu mzima na suruali yake nzuri, sakafuni, analia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. "Baba, nilisema... mimi nilisema..."

Nikafurahi, nakiri. Nikasema, "Umeona sasa? Haendi mahali." Naye Mheshimiwa akaitikia kwa kichwa, "Haendi. Abaki. Abaki kabisa."

Nimeshinda. Niligeuka kumwangalia Mama ili tufurahi pamoja. Alikuwa anatabasamu, mkono mmoja umeshika kiuno.

Baba naye alikuwa anamwangalia. Akasema, "Mgongo."

Mama akauondoa mkono haraka. "Hakuna kitu, mume wangu."

"Mgongo," akarudia. Akanyoosha kidole nje, kwenye gari. "Naenda."

Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamwendea, nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia Baba, imekwisha hiyo, unabaki, tumekubaliana, hakuna anayekufukuza. Akaweka mkono juu ya kichwa changu. Alitafuta neno kwa muda mrefu, midomo inahangaika, tukiwa tumemkodolea macho wote watatu.

"Nimesikia," akasema.

Mama alishika ukuta. Nilikuwa naona kila mmoja wetu akirudi nyuma kwa mawazo, siku baada ya siku, akiyatafuta maneno yake mwenyewe. Simu kwenye sauti kubwa. Baba tuliyemjua alishaondoka. Namwomba Mungu anitangulize mimi. Kelele zangu, haendi, haendi, na wakati huohuo namwachia bati limtunze. Yote yalipita masikioni mwake akiwa amekaa hapo kitini, na sisi tulikuwa tunamsogeza ili tufagie.

Mama alisema kwa sauti ndogo, "Sikuwa na maana hiyo."

Baba akatikisa kichwa kwamba anajua. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililotumaliza. "Upumzike," akamwambia.

Tarehe 3, Jumapili

Wameondoka asubuhi.

Nilimtengenezea ile tramu ili watu waone bado yupo, asichukuliwe. Sasa yupo kweli, na ameamua mwenyewe. Ningemzuia kwa lipi? Nimefunga nguo zake. Mama kazifungua, kazifunga upya, kasema nimekunja vibaya.

Kabla ya kutoka Baba alitaka kwenda mezani. Tramu ilikuwa upande wa mlangoni. Mheshimiwa akasema, "Baba, barabara..." kisha akajinyamazisha mwenyewe. Baba kachomeka mpini, tramu imekwenda taratibu mpaka dirishani, ikasimama. Akauchomoa mpini. Akabaki nao mkononi.

Nimekumbuka maneno ya Mama. Zamu ikiisha, anaukabidhi, mkono kwa mkono, tramu si yake tena. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Mimi ndiye niliyeijenga, mimi ndiye ninayebaki nayo. Ni nani mwingine wa kukabidhiwa? Nikanyoosha kiganja, kwa sababu dereva aliyemaliza zamu hastahili kusimama hivyo mara ya pili, hana wa kumpokea. Nikanyoosha, na moyoni naomba asinipe.

Baba kakitazama kiganja changu. Unyusi umepanda. Kakipiga kwa ncha ya mpini, kidogo tu, kama anavyopigwa mtoto anayegusa sukari.

"Bado," akasema.

Akautia mpini mfukoni mwa koti, akafunga kifungo, akatembea hadi kwenye gari.

Tarehe 10, Jumapili

Jua kali. Mama amelala mpaka jua likapanda, mara ya kwanza tangu nimjue. Anafagia chumba cha mbele na kupangusa meza, tramu haigusi. Iko dirishani ilipoachwa.

Gundi kaja kuazima koleo. Kaiona taa ndogo nyekundu ya kiendeshaji inawaka, kaniuliza mbona naacha umeme unaliwa bure, niizime. Nimemwambia aiache hivyohivyo, dereva anahama upande.